Akikukaribisha Mara Mbili

Wiki ya Idi kaka yangu alirudi Kilwa Masoko kutoka Dar es Salaam akiwa na mabegi mawili. Moja limejaa zawadi, jingine tupu. Lile tupu lilikuwa langu. Alikuja kunichukua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na vijana wa kwetu wakaanza kuvifuata vitu hivyo Dar. Kila nyumba ya pwani yetu, kuanzia Kilwa mpaka Mitwero kule Lindi, ilikuwa na kijana wake Kariakoo anayetembea na soksi begani na mikanda shingoni. Watu wa Dar wakatupa jina moja sote, Wamachinga, hata sisi ambao kwetu ni Wamatumbi na hatuna Umachinga wowote. Jambo hilo lilinikera kabla hata sijafika huko.

Mama hakulipenda lile begi tupu. Alilitoa ukumbini akalitundika jikoni, penye moshi. Alikuwa na wana wawili tu, na mmoja Dar ilikwisha kumchukua. Baba alikuwa Kikole kwenye mikorosho yake, akitokea Masoko pale tu sukari ilipomwishia. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mama na mimi, sinia moja, asubuhi na jioni.

“Na huyu akienda,” mama alisema jioni ile, “mimi nitakula na nani?”

Kaka alikuwa ananawa mikono. Alikaa, akala haraka haraka, akawa wa kwanza kumaliza. Siku hizo alikuwa na tabia hiyo ya kula kama anayekimbiza basi, na mama alimvuta shati kila alipotaka kuinuka kabla yetu.

Mimi sikutaka kwenda. Nasema hivyo leo bila aibu, lakini siku zile kijana wa umri wangu hakuweza kulitamka, angeitwa mwoga. Niliipenda Masoko. Nilipenda kumjua kila mtu, na kujua nani amenuniana na nani. Kazi tu ndiyo sikuwa nayo. Nilikuwa nimejaribu kuuza korosho za kukaanga pale stendi, nikashindwa kwa sababu ya hasira. Mteja akionja korosho tatu asinunue, mimi nilikuwa namwambia la moyoni. Mama alisema nina uso wa mtu aliyenyimwa.

Ndipo likabandikwa tangazo sokoni. Hoteli mpya ya watalii ilikuwa inafunguliwa upande wa ufukweni, kwa ajili ya wageni wanaokuja kutazama magofu ya Kisiwani na Songo Mnara. Walitaka wahudumu. Awe kijana nadhifu, awe mchangamfu, afike Alhamisi kwa usaili.

“Mchangamfu,” alirudia mama, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia kaka. “Mwache ajaribu kwanza.”

Kaka alifikiri. “Haya. Akipata, abaki. Asipopata, Jumamosi alfajiri tunapanda basi wote wawili. Godoro lake lipo, nimeshalinunua.”

Tukakubaliana hivyo. Nami nilidhani kaka ataendelea na Idi yake, atembelee rafiki zake, anisubirie nishindwe. Kumbe simjui ndugu yangu. Kesho yake alfajiri aliniamsha kwa kunivuta mguu.

“Dogo, amka. Unajua kubeba trei?”

“Trei gani?”

“Basi hujui. Amka.”

Kaka alikuwa mtaalamu wa mahoteli. Alinieleza kwamba biashara yake ya soksi ilimpitisha kila siku mbele ya hoteli kubwa za mjini, na askari wa mlangoni alipomfukuza upande mmoja, yeye alizunguka upande wa pili, akasimama dirishani. Aliwaona wahudumu wakifanya kazi siku nenda siku rudi. Alijua wanavyotembea, wanavyoinama, wanavyoweka sahani. Tatizo ni kwamba aliyajua yote hayo kupitia kioo kilichofungwa.

“Wakishaweka sahani, wanainama kidogo hivi, halafu wanasema kitu,” alinifundisha.

“Wanasema nini?”

“Kitu. Midomo inacheza.”

“Sasa mimi nichezeshe mdomo tu?”

“Dogo, usianze hasira. Mama, mgeni akiletewa chakula anaambiwaje?”

Hapo mama aliingia kazini kwa nguvu zote. Kwa maoni yake mgeni huulizwa kwanza hali, kisha hali ya watu wa kwao, kisha safari, kisha kama mvua imenyesha huko alikotoka, na majibu yote hayo yakipokewa kwa alhamdulillahi. Nikayakariri. Kaka akiwa mtalii, ameketi kwenye kreti la soda, alijibu vizuri mpaka kwenye mvua, kisha akasema chakula kimepoa.

Meza hatukuwa nayo. Tulipanga makreti mawili, mama akatoa kanga yake mpya ya Idi tuitandike. Kanga ile iliandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Kaka aliitazama, akaigeuza upande wa ndani. Alisema watalii hawapendi kusoma wakati wa kula. Mama akaigeuza tena, akasema kama hawapendi kusoma wafumbe macho.

Trei ilikuwa sinia letu la wali. Kaka alinionyesha kulibeba kwa mkono wa kushoto, juu ya bega, vidole vimetanuka chini yake. Nilizunguka uani na bilauri nne za maji juu ya sinia, jogoo akinifuata kwa wasiwasi. Majirani walianza kujaa kwenye ua wa makuti. Mama mmoja wa nyumba ya pili akauliza kwa sauti, “Jamani, huyo mwali anatoka lini? Mbona mnamfunda hatujaalikwa?”

Vicheko. Kwetu wanaofundwa ndani ni wasichana, tena kwa ngoma, na hapa alikuwa kijana wa kiume amevaa shati la mtumba anafundishwa kuandika meza. Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikataka kumjibu, lakini kaka alinishika kiwiko.

“Tabasamu,” alininong'oneza. “Huyo ndiye mgeni mwenye kero. Mle hotelini wapo. Tabasamu.”

Nikatabasamu. Mama wa nyumba ya pili alisema bora ningemtukana, tabasamu lile linamtisha. Lakini siku ya pili lilikuwa limelegea kidogo, na siku ya tatu alileta mihogo ya kuchemsha ili niifanyie mazoezi, akabaki kuila.

Kulikuwa na ugomvi mmoja tu wa kweli, nao ulihusu mkono wa kushoto. Mama alipoona sinia la chakula likiletwa kwa mkono wa kushoto alisimamisha kila kitu.

“Chakula cha mtu? Kwa mkono huo?”

“Mama, ndivyo wanavyofanya,” kaka alisema.

“Wanaofanya ni nani? Wana mama zao?”

Walibishana mpaka adhana ikawakuta. Baada ya sala kaka alirudi na suluhisho: mkono wa kushoto unabeba, mkono wa kulia unatoa. Wa kushoto ni mpagazi tu, haumgusi mgeni. Mama aliutafakari mpango huo, akaukubali. Na kwa kuwa alikuwa ameshinda nusu, akaongeza sheria zake. Mgeni anaweza kuwa na vidole vya vumbi, basi apelekewe birika na beseni anawe kabla ya kula. Samaki achambuliwe, mgeni asogezewe minofu, mwenyeji abaki na kichwa. Na ile iliyo kubwa kuliko zote: mtu akikukaribisha chakula chake mara moja, hiyo ni adabu yake, nawe jibu starehe. Akikukaribisha mara ya pili, hiyo ni haja yake. Nawa, uonje hata tonge moja. Ukikataa mara ya pili umemwambia unakiogopa chakula chake.

“Hilo hotelini halipo, mama,” kaka alisema, lakini kwa sauti ya chini, maana hakuwa na hakika. Dirishani hakusikia nani alimkaribisha nani.

Alhamisi nilivaa. Shati jeupe la mtumba, vifungo upande wa kike, ila kaka alisema tai itawapumbaza. Tai yenyewe ilikuwa ya kipepeo, ya lastiki, aliichomoa kwenye bidhaa zake. Mama alinipaka mafuta ya nazi mpaka nikawa nang'aa mithili ya sufuria ya harusi. Alinisomea dua. Kaka alinisindikiza mpaka kwenye kona ya hoteli, akanirekebisha tai, akanipiga bega. “Kushoto unabeba, kulia unatoa,” alisema, kisha akageuka upesi akaondoka.

Tulikuwa vijana sita kwenye benchi la barazani. Aliyenitia hofu alikuwa mmoja kutoka Mitwero, aliyewahi kufanya kazi gesti ya Lindi mjini. Alikuwa na viatu vyeusi halisi, vyote viwili vya jozi moja, na alikunja nne kama mwenye hoteli. Nilimchukia papo hapo. Baadaye tulifanya kazi pamoja miaka mingi na nikasimamia harusi yake, lakini siku ile nilimwombea mafua.

Meneja alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mwembamba, mwenye kusema maneno machache na kuyatoa yote mbio mbio. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

“Kwa nini unataka kazi hii?”

Kaka alikuwa amenitungia jibu zuri sana juu ya kupenda utalii. Lilinitoka kichwani lote.

“Ili nisiende Dar,” nilisema.

Hapo akainua macho. Akanitazama, akatazama vifungo vya shati langu, akaniambia nikasubiri.

Kisha akatangaza kwamba kila mmoja atamhudumia kitu, yeye akiwa mgeni. Wa kwanza alimpelekea chai. Wa pili juisi. Yule wa Mitwero supu, na aliifikisha bila tone kumwagika, Mungu amsamehe. Mimi nilikuwa wa mwisho, saa saba ya mchana, na mpishi akanipa wali na samaki mzima wa kukaanga. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha mchana cha meneja hasa.

Nilitembea. Wa kushoto ukabeba, wa kulia ukatoa. Niliinama kidogo. Nikauliza hali, na watu wa kwao, na safari. Nilipofika kwenye mvua alisema, “Imenyesha, asante.” Nikarudi jikoni nikaomba jagi, beseni na taulo, nikamnawisha. Alishangaa, kwa kuwa alikuwa ameshika uma na kisu tayari, lakini aliviweka chini akanawa. Moyo ulianza kunitulia. Niliona naweza.

Kisha nikasimama kando ya meza, taulo mkononi, kama kaka alivyonionyesha.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na hakuna aliyenionya. Sikuwahi maishani mwangu kusimama nikimtazama mtu mzima anakula peke yake. Ukumbi ulikuwa mkubwa, meza zote tupu, na yeye katikati na samaki wake. Nilisikia uma unavyogusa sahani. Nilimwonea huruma, kisha nikaona aibu, kana kwamba nimemfumania mtu anaoga.

Yeye naye nadhani aliona vibaya kutazamwa. Aliinua kichwa. “Karibu,” alisema.

“Starehe, mama.”

Akala kidogo. Nikabadilisha mguu wa kusimamia. Akaweka kisu chini.

“Karibu jamani, usinisimamie hivyo.”

Mara ya pili.

Naapa sikufikiri. Miguu ilikwenda yenyewe kwenye beseni. Nikanawa, nikavuta kiti, nikasema bismillahi, nikamega tonge upande wa sahani ulio mbele yangu, kama adabu inavyotaka. Na kwa kuwa samaki alikuwa bado mzima na yule mama alikuwa akihangaika naye kwa uma, nikamchambua, nikamsogezea minofu upande wake, mimi nikajichukulia kichwa.

Mlangoni mpishi alisimama na upawa mkononi. Nyuma yake niliona nyuso za wenzangu watano. Uma wa meneja ulikuwa umebaki hewani.

“Kijana.”

“Naam, mama.”

“Unafanya nini?”

“Nakula, mama.”

“Nani amekwambia ule?”

“Wewe, mama. Mara mbili.”

Alikitazama kile kichwa mkononi mwangu, nami sikuthubutu kukimalizia. Kisha akashusha uma, akala minofu niliyomsogezea, polepole, yote. Alipomaliza alijifuta mdomo.

“Sikiliza,” alisema. “Hapa mhudumu hali na mgeni. Hata akikukaribisha mara kumi. Ukirudia, nakufukuza siku hiyo hiyo. Umenielewa?”

“Nimeelewa, mama.”

“Haya, nenda.”

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu, taulo lao bado mkononi. Nilikuwa nimejichukia. Siku zote zile za makreti na jogoo, mama wa nyumba ya pili na mihogo yake, nimezipoteza kwa tonge moja la wali. Nilipofika nililitoa begi jikoni, likinuka moshi, nikaanza kutia nguo.

Mama alikaa kizingitini. Nilipomsimulia, alishika kichwa, kisha akasema, “Lakini alikukaribisha mara mbili. Ulitaka ufanyeje?” Machozi yalimlengalenga. Aliinuka akaanza kunikunjia mashati, maana nilikuwa nayakunja vibaya.

Kaka alikuwa ameegemea ukuta. Alicheka aliposikia habari ya kichwa cha samaki, alicheka mpaka akachuchumaa. Kisha akainuka.

“Hebu rudia maneno yake,” alisema. “Ya mwisho.”

“Hapa mhudumu hali na mgeni. Ukirudia, nakufukuza siku hiyo hiyo.”

“Alisema hivyo hivyo? Ukirudia?”

“Hivyo hivyo. Kwani vipi?”

Kaka alitazama begi. Alilitazama kitambo. Ningekuwa mtu mwenye macho ningeona kitu pale, lakini nilikuwa nikitafuta soksi.

“Dogo,” alisema mwishowe, “mtu hafukuzwi kazi ambayo hajapewa.”

Mama aliacha kukunja. Mimi nilisimama na soksi moja mkononi. Kaka alikuwa tayari ameshalishika begi, anatoa nguo zangu moja moja na kuzirudisha kitandani.

Sikuamini mpaka kesho yake nilipokwenda hotelini kwa kisingizio cha kurudisha taulo, nikakuta mashati mawili ya kazi yamewekwa mezani. Moja la yule wa Mitwero. Jingine lilikuwa dogo, la saizi yangu, vifungo upande wa kiume. Meneja alipita, akasema Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, wala hakusimama.

Jumamosi basi la Dar lilipiga honi ya kwanza kabla hakujapambazuka vizuri. Siku zile, kabla ya daraja la Rufiji, safari ilikuwa ya matope na kusubiri pantoni, na aliyeondoka alitakiwa ashibe. Mama alikuwa ameshapika. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, nikataka kumuaga kaka kwa heshima ya taaluma yetu. Nilivaa shati jipya la kazi na ile tai ya lastiki. Nikapanga makreti, nikatandika kanga upande wa maandishi. Nikamketisha, nikamnawisha, nikamletea maandazi na mbaazi za nazi kwa mkono wa kushoto, nikaandika kwa wa kulia. Nikainama. Nikasimama kando, taulo mkononi, nikitabasamu tabasamu langu jipya.

Alicheka. Akamega andazi.

“Karibu,” alisema.

“Starehe, bwana mkubwa.”

Akatafuna. Alikuwa anakula polepole, na hilo nililiona. “Karibu, dogo.”

“Hapa mhudumu hali na mgeni,” nilitania. “Hata akikaribishwa mara kumi.”

Nilidhani atacheka tena. Hakucheka. Alilirudisha lile andazi kwenye sahani.

“Kaa bwana,” alisema. “Kule nakula peke yangu kila siku. Nakula nimesimama. Nilikuwa nimeshanunua na sahani ya pili.”

Nje basi lilipiga honi ya pili. Nilivua tai, nikanawa, nikakaa kwenye kreti la upande wa pili. Mama alitoka jikoni na sufuria ya chai, akasogeza kigoda chake karibu. Tukala sote watatu, bila haraka, na dereva akapiga honi mpaka akachoka.